Kucha za Mzee wa Kambove

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa mtaa wa Hewa Bora akiwa na binti yake, kupimiwa gauni la komunyo. Nilipomwambia mtoto anyooshe mkono nipime urefu kutoka begani, aliunyoosha huku amekunja ngumi. Nikamwomba aifungue. Akamtazama mama yake kwanza. Mama akageukia mlangoni kama mtu aliyesikia anaitwa nje. Nikajua kabla sijaona.

Ngumi ile niliifungua mwenyewe, taratibu. Kucha zilikuwa na vishimo vidogo vidogo kama subana yangu ya kushonea, nyingine zimekatwa na mifereji ya kukingama, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umenenepa na kuwa rangi ya majani makavu. Ngozi ya mikono ilikuwa imepasuka. Mama akaanza kunieleza haraka haraka kwamba si ukoma, si uchafu, mtoto anaoga kila siku. Nilimwambia akae. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa na kucha hizo hizo, wakati mji huu ukiitwa Elisabethville na Katanga ikiwa na bendera yake. Akaitazama mikono yangu, akaitazama tena, na nadhani hakuniamini. Alikuwa na haraka, na habari yenyewe haielezeki mtu akiwa amesimama. Kwa hiyo naiandika.

Naitwa Ngoie. Ni jina la babu yangu, baba wa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu Waluba mtoto akipewa jina la mtu anakuwa majina wake, yaani somo wake, na watu wa nyumbani wanamtendea kama yeye. Haijalishi kwamba babu alikuwa mwanamume na mimi ni mwanamke. Bibi yangu, mjane wake, tuliyemwita Kaku, aliniita "bwana yangu" tangu nikiwa nanyonya. Kiti cha marehemu kilikuwa changu. Siku ya kuchinja kuku, firigisi, kipande cha mwenye nyumba, ilikuwa yangu, na baba alikuwa akinung'unika kwa utani kwamba yeye ndiye anayefanya kazi kwenye reli, lakini firigisi inaliwa na mtu asiyejua hata kufunga viatu. Mama naye hakuruhusiwa kunichapa, kwa sababu huwezi kumchapa baba mkwe wako. Alingoja Kaku aende sokoni ndipo anichape.

Muwasho nilikuwa nao tangu utotoni. Ulianzia kwenye mikunjo ya viwiko, ukaja nyuma ya magoti, ukapanda shingoni, na nilipofika umri wa kuanza shule ulikuwa umehamia mikononi. Mtu ambaye hajawahi kuwashwa namna ile hawezi kuelewa. Unajikuna mpaka unapata raha, raha inageuka moto, halafu unaanza tena. Kila mwaka ulizidi ile miezi ya baridi kavu, vumbi jekundu linapoingia mpaka kwenye mashuka. Kisha kucha zenyewe zikabadilika. Kwanza zilianza kung'aa, kwa kusuguliwa na ngozi kutwa nzima. Baadaye vikaja vishimo, ikaja mifereji, na ile ngozi nyembamba inayoshika ukucha kwenye shina ikavimba na kuachia.

Kaku alipoiona mikono yangu hakushtuka. Aliivuta mpaka dirishani, akaigeuza huku na huku, na macho yake yakajaa maji. Babu alikuwa mchimbaji wa shaba kule Kambove tangu ujana wake. Alichagua mawe na kuyaosha kwa mikono miaka mingi, na kucha zake, alivyosema Kaku, zilikuwa hivi hivi, nene, zenye mifereji.

"Ile makucha haiko ya mutoto," alimwambia mama. "Iko ya bwana yangu. Amefika na mikono yake."

Tangu siku hiyo kucha zangu zikawa jambo la ukoo. Wageni kutoka kaskazini waliletwa waone. Wazee waliotembea na babu walinishika vidole na kutikisa kichwa. Sina budi kusema kwamba nilifurahi. Mtoto mwenye magamba shingoni, ambaye wenzake hawataki kumshika mkono kwenye mchezo, anapata wapi tena heshima kama ile? Mama peke yake hakufurahi. Alikuwa akiviangalia vidole vyangu jinsi mtu anavyoangalia paa linalovuja.

Shuleni kwa masista kila Jumatatu asubuhi tulisimama mstari tukiwa tumenyoosha mikono mbele, na sista akapita akikagua kucha. Nilirudishwa nyumbani. Sista hakuwa mkali, alisema tu nirudi nikipona, maana huenda ni ugonjwa wa kuambukiza na kuna watoto wengine. Nilipomweleza Kaku alicheka kwa hasira, akasema niende nimwambie sista kwamba mikono ile ndiyo iliyotoa shaba ya kengele yao. Nashukuru sikwenda.

Mama alijaribu alilolijua. Alinisugua kwa brashi na sabuni ya kufulia, akidhani ni uchafu uliojificha. Akajaribu limau na chumvi. Naomba msomaji asimfanyie mtoto wake hivyo. Ngozi ilizidi kupasuka, na usiku nililia ndani ya mto. Ndani ya mto, kwa sababu nilikuwa bwana wa nyumba, na Kaku alishasema mara nyingi kwamba mume wake hakuwahi kulalamika maisha yake yote.

Halafu mambo ya wakubwa yakatukuta. Katanga, jimbo letu, ilijitenga na nchi, na sisi Waluba wa kaskazini tukawa watu wa kushukiwa katika mji ambao baba alikuwa ameufanyia kazi ujana wake wote. Alisimamishwa kazi. Jirani yetu mmoja pale mtaani kwetu Katuba aliacha kutusalimia, mwingine akaja jioni moja kutuonya kwa upole kwamba tusikae. Tulifunga godoro na masufuria tukaenda walikokwenda wengine, kwenye kambi ya wakimbizi iliyolindwa na askari wa kofia za buluu. Sitaeleza siasa yake. Nilikuwa mtoto, na katika vita ile nakumbuka zaidi mikono yangu kuliko bunduki.

Kambini kila kitu kilikuwa adui wa ngozi. Maji yalikuwa ya kupanga foleni, na tulilala juu ya nyasi kavu. Moshi wa kuni haukupungua mchana wala jioni, na vumbi lilikuwa jingi kuliko hewa. Nilijikuna mpaka nguo zikashika damu. Mama akasema sasa basi, akanipeleka kwenye hema la zahanati bila kumwomba Kaku ruhusa.

Tulikaa nje ya hema lile tangu asubuhi mpaka jua likapita utosini. Nakumbuka benchi la mbao, na mwanamke aliyekuwa karibu nami alipoona vidole vyangu akamhamishia mtoto wake upande wa pili, kisha akahama na yeye mwenyewe. Mama alinyoosha mgongo na kutazama mbele. Baadaye mwanamke mwingine, mjamzito, mwenye kila sababu ya kukaa mbali, alikuja akakalia nafasi ile iliyoachwa, akaanza kuzungumza na mama juu ya bei ya mihogo huku bega lake limegusa bega langu. Simjui jina. Nimemwombea mara nyingi.

Muuguzi alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Hakuangalia kucha kwanza. Alinitazama viwiko na nyuma ya magoti, akanikagua shingo, akauliza kama kuna ndugu mwenye pumu. Baba anayo. Kisha akamwambia mama maneno ambayo nayakumbuka kama sala:

"Makucha haina ugonjwa, mama. Ngozi njo iko na ugonjwa. Ukitunza ngozi pale makucha inatokea, ingine itakuya muzuri. Lakini itakawia."

Akaeleza kwamba haiambukizi, akatupa pomadi ndani ya kibati, akasema niogeshwe haraka kwa maji yasiyo ya moto, nipakwe mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, na nizuiwe kujikuna. Mama alitoka pale akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Jioni ile alikata mfuko wa unga wa msaada na kunishonea glavu za kuvaa usiku na mchana. Zilikuwa na herufi za kigeni mgongoni, na watoto wa kambi walizisoma kwa sauti kila nilipopita.

Kaku hakuikubali ile pomadi. Hakupiga kelele, hiyo haikuwa tabia yake. Alisema tu kwamba ile dawa inamfukuza mume wake. Mama aliponipaka asubuhi, Kaku alinifuta kwa ncha ya kitenge chake mama akishaondoka. Mama akagundua, akaanza kunipaka Kaku akienda kutafuta kuni. Wakawa wanakula kila mmoja upande wake wa jiko. Baba, ambaye alikuwa mtoto wa mmoja na mume wa mwingine, alijitafutia shughuli za kutengeneza paa za watu wengine.

Na mimi nilikuwa katikati na siri yangu. Nilitaka kupona. Nilitaka sana, kuwashwa kulikuwa kumenichosha. Lakini niliogopa kwamba kucha zikinyooka Kaku atafiwa na mume kwa mara ya pili, na mimi nitabaki mtoto tu, mtoto mwenye magamba, asiye na kiti wala firigisi wala mtu wa kumwita bwana. Jambo hilo sikumwambia yeyote. Wazazi wanaosoma hapa, mwulizeni mtoto wenu anaogopa nini. Huenda si ugonjwa anaouogopa.

Mwisho wa kiangazi kile, joto likiwa limeanza na mawingu yanakusanyika bila kunyesha, kidole gumba cha mkono wa kulia kilivimba kwenye shina la ukucha. Kilikuwa chekundu, kisha kikawa cheupe pembeni, na kilipiga kama moyo. Nilikificha ndani ya glavu, na mama alipotaka kunipaka nikasema nitajipaka mwenyewe. Asubuhi moja mama alikuwa kwenye foleni ya unga, na mimi na Kaku tulikuwa tunachambua maharagwe. Akanipa kikombe cha uji, akasema nishike. Nilikishika, kikaniponyoka, uji wote ukamwagikia maharagwe.

Nilingoja anigombeze. Badala yake aliivua ile glavu, akakaa anakitazama kidole.

"Inaniluma, Kaku," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza.

Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu zamani, vyote, hata kabla ya kuja kambini. Alikuwa bado ameshika mkono wangu kwa vidole vyake vikavu. Nikamwuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa rohoni muda mrefu, kwa sababu kama nilikuwa babu, nilitaka kujua kama ninafanya vizuri.

"Na yeye, ilikuwa inamuluma?"

 Kaku aliyatazama yale maharagwe yaliyolowa uji.

"Hakuniambiaka," alisema. Kisha, akiokota moja na kulifuta uji, "Na miye sikumuulizaka."

Akasimama. Nilikuwa mkubwa tayari, miguu yangu mirefu, lakini alinibeba mgongoni na kunifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga, akakata kambi nzima mpaka hema la zahanati. Hakuingia kwenye foleni. Alipita mbele ya watu wote akirudia kwamba bwana yake mugonjwa, wampishe. Watu walimpisha, huku wakiangalia nyuma yake kumtafuta huyo bwana. Muuguzi alinitoboa kidole na kukamua usaha, akapaka ile dawa ya zambarau, na mimi nililia kwa sauti mbele za watu bila haya yoyote. Kaku alinishika kichwa na kuniambia nilie.

Kisha akamgeukia yule kijana na kumwuliza kuhusu ile pomadi: inapakwa vipi, mara ngapi kwa siku, kabla ya kula au baada. Alimfanya arudie. Mama aliporudi na unga alitukuta nje ya kibanda chetu, mikono yangu ikiwa kwenye beseni, na Kaku anamwamuru alete kile kibati. Mama alikileta. Hakumkumbusha kile kitenge, na mpaka leo namheshimu kwa hilo, kwa sababu mimi ningemkumbusha.

Kuanzia hapo matibabu yalikuwa ya Kaku. Alifanya asubuhi na jioni, hata siku za risasi, hata siku ambazo chakula hakikuwepo. Alinipaka kila kidole peke yake, akianzia shinani. Huku akinipaka alinisimulia Kambove: jinsi babu alivyokuwa akirudi kutoka kazini, akakaa mlangoni na mikono yake ameiweka makwapani, jioni zote, mwaka mzima. Kaku alidhani ni baridi. Alikuwa akimletea blanketi. Alilisema hilo zaidi ya mara moja, na kila aliposema alinipaka polepole zaidi.

Siku moja, mkono wangu ukiwa mapajani pake, aliniambia kwamba sasa ameelewa babu alirudi kwa sababu gani. Watu wote walidhani amekuja kuonyesha mikono yake.

"Alikuya nimutunze," alisema. "Mara ya kwanza sikujua."

Mvua zikaja, na hewa ikalainika, na ngozi yangu pia. Uyoga ulipoanza kuuzwa kambini nikaona kwenye shina la kidole kidogo kitu chembamba, laini, cha rangi ya waridi, kikitokea chini ya ngozi. Kilikuwa ukucha. Kilisukuma ule wa zamani mbele taratibu, kama mtu mpole anayetaka kupita. Vidole vidogo vilitangulia. Nilikuwa nikivilinganisha kila Jumapili na kumwonyesha Kaku, na yeye akavilinganisha kwa ncha ya kidole chake. Kidole gumba ndicho kilichochelewa kuliko vyote. Tulihama kambini kikiwa bado, tukarudi Katuba kwenye nyumba isiyo na madirisha kikiwa bado, Katanga ikarudi kuwa jimbo na baba akarudi kwenye reli kikiwa bado.

Mama wa gauni la komunyo, kama haya yatakufikia: usimsugue mtoto. Mkate kucha ziwe fupi, ulainishe ngozi kila siku hata pale unapoona hakuna kinachobadilika, na usihesabu maendeleo kwa wiki. Hesabu kwa misimu. Kidole kikivimba na kupiga, usingoje, mpeleke kwa daktari. Ngozi yangu haikupona ikaisha. Kila kiangazi hunirudia kidogo viwikoni, na ninapoosha vyombo bado navaa glavu. Lakini kucha zangu uliziona.

Kilichobaki ni safari ya Kambove. Kile kipande cha mwisho chenye mifereji kilipofika kwenye ncha ya kidole gumba, Kaku alikikata mwenyewe kwa wembe, akakifunga kwenye pindo la kitambaa chake, na hakusema atakifanyia nini. Njia zilipofunguka alimwambia baba atupeleke kwenye kaburi. Tulipanda treni mpaka Likasi, na kutoka pale baba akatuombea nafasi kwenye lori.

Kaburi lilikuwa limemezwa na nyasi. Baba alilisafisha. Kaku alipiga magoti, akachimba kishimo kidogo kwa kijiko alichokuwa amekuja nacho, akafungua lile pindo.

"Kamata makucha yako, Ngoie," aliuambia udongo. "Huyu mutoto abakie na yake."

Akafukia na kupigapiga kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilisikia neno moja tu. Mutoto. Hakuwahi kuniita hivyo. Wakati wote wa kurudi nilikaa kwenye lori nikitazama kucha zangu, zote laini, nzuri, na nilizichukia. Niliona kwamba nimerudishiwa mikono na nimenyang'anywa nafasi yangu ya nyumbani. Kaku alikaa mbele yangu amefumba macho, na sikuthubutu kumwita.

Kituoni Likasi treni ilikuwa imechelewa. Tulikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, na Kaku akafungua chakula alichokuwa amekifunga tangu nyumbani, ugali na kuku. Alipekuapekua kwenye mchuzi kwa vidole, akatafuta muda, akapata. Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akakisugua kile kidole gumba mara moja kwa kidole chake. Kisha akaniwekea firigisi kiganjani.

"Kula, bwana yangu," alisema.

Baba alipewa shingo.